Siku Bibi Alipoliona Jiwe Ndani ya Mashine

Mahindi yaliyolowekwa tangu jana yana harufu yake, na aliyeizoea hawezi kuichanganya na nyingine. Si harufu mbaya. Ina uchachu kidogo, ina ubaridi wa jiwe lenye maji, na ndani yake kuna moshi wa kuni uliokaa katika ngozi ya ng'ombe tuliyotandika chini ili kupokea unga. Niliamka na harufu hiyo kila siku nilipokuwa na miaka kumi, mwanzoni mwa miaka ya sitini, katika nyumba ya bibi yangu juu ya mteremko unaoutazama mji wa Karatu. Nje ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kulala juu ya mashamba, hata ng'ombe hukuwaona, uliwasikia tu wakipumua. Ndani nilikuwa nimepiga magoti mbele ya jiwe, nikisukuma na kuvuta, kwaru, kwaru, mpaka mabega yanawaka moto na vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Nayaeleza haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba naililia zamani. Siililii hata kidogo. Wanaolililia jiwe la kusagia ni wale ambao hawakuwahi kulipigia magoti.

Bibi yeye alilipenda. Sisi ni Wairaqw, wale ambao watu wa mjini walipenda kutuita Wambulu, na katika ujana wa Bibi msichana alipoolewa mama mkwe hakuhangaika kumtazama uso. Alichota unga aliousaga yule bibi harusi, akausugua kati ya vidole viwili, kisha ama aliongea ama alinyamaza, na huo unyamavu uliweza kumfuata mtu miaka mingi. Bibi alikuwa amesifiwa. Alisifiwa akiwa binti mdogo, na sifa hiyo aliitunza kama wengine wanavyotunza mifugo. Magoti yake yalikuwa na sugu nyeusi, ngumu kama kisigino, na hakuzificha, alizionyesha. Jiwe lake nalo alilijua kama mtu anavyojua meno yake. Jiwe la kusagia likitumika sana linakuwa laini na linateleza, punje zinakimbia huku na huku badala ya kupondeka. Hapo lazima ulichonge: unachukua kijiwe kidogo kigumu na kuligonga uso mzima, polepole, mpaka litoke vipele vya kukwaruza. Kazi hiyo Bibi hakumwachia mtu. Wanawake wa jirani walimwita awachongee mawe yao, naye alikwenda akiwa amejifunga shuka yake safi, na huko hakukosa kuwaambia kwamba wanasaga kama watu wanaofukuza nzi.

Kwa hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja juu ya chakula: unga ni wa jiwe. Mama yangu aliishi na sheria hiyo tangu alipoolewa, hakuwahi kulalamika, mpaka alipomzaa mdogo wangu wa mwisho. Uzazi ule ulimwacha na maumivu ya mgongo ambayo yalimfanya ashike ukuta akitaka kusimama. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la ngano la mzungu, huko Oldeani, akirudi mwisho wa mwezi. Magoti ya Bibi, pamoja na sifa zake zote, hayakuweza tena kukunjika kwa muda mrefu. Tulikuwa midomo sita inayokula ugali, na mikono iliyobaki ya kusaga ilikuwa yangu. Nilikuwa darasa la tatu.

Shule ilikuwa chini bondeni, mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mtoto. Kengele yake ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, na sauti yake ilipanda hadi kwetu kukiwa na upepo mzuri. Siku nyingi niliisikia ikilia nami bado niko magotini. Nilifika nikiwa nimechelewa, nina unga kwenye nyusi, wenzangu wakaniita Bibi Kizee kwa sababu ya zile nyusi nyeupe. Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya. Alinivumilia muhula mzima. Ila madawati yalikuwa machache na watoto wa kuyakalia walikuwa wengi, maana uhuru ulikuwa umeingia na kila mzazi aliyekuwa amelala alikuwa ameamka. Ijumaa moja akaniita mezani kwake, akaniambia kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili kilichonyooka: "Jumatatu ukichelewa tena, nafasi yako nampa mwingine. Kuna mtoto anasubiri tangu mwezi wa pili." Nilitembea hadi nyumbani nikilia, na nilipofika nilimweleza Mama peke yake. Bibi hatukumwambia. Mambo ya shule hakuambiwa Bibi, kama vile mambo ya ng'ombe hakuambiwa mwalimu.

Mashine ya kusaga ilikuwapo mjini, na si kwamba hatukuijua. Ilikuwa ya Mzee Shabani, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa na duka la chumvi, mafuta ya taa na kaniki, na nyuma ya duka alikuwa amejenga kibanda cha mabati. Injini yake ya dizeli ilipiga kifua siku nzima, duku, duku, duku. Nusu ya jirani zetu walikuwa wameshaanza kwenda, wengine kwa kujificha, wakipita njia ya korongoni ili Bibi asiwaone na debe kichwani. Bibi alikuwa na hoja zake dhidi ya mashine na alizitoa bila kuombwa. Unga wa mashine unatoka ukiwa na joto, kwa hiyo umeungua. Unanuka mafuta. Umesagwa na chuma, na chuma hakina adabu na chakula. Halafu aliuliza swali ambalo aliliona limemaliza maneno: mwanamke asiyesaga, asubuhi yote anafanya nini? Mama, ambaye alikuwa na majibu ya kutosha kujaza siku mbili, alimhamishia mtoto titi la pili.

Lakini Jumamosi ile Mama aliamua. Bibi alikuwa amekwenda Buger kwa dada yake na angerudi jioni. Mama alijifunga kitambaa kiunoni kubana mgongo, akambeba mtoto kifuani, mimi nikajitwika debe, tukashuka. Kila baada ya muda tulisimama apumzike. Alikuwa anaogopa, niliona, lakini alikuwa pia na furaha fulani ya mtu anayetoroka. Aliniambia tukirudi tutakuwa na unga wa wiki nzima, na kwamba Jumatatu nitafika shuleni kabla ya mwalimu mwenyewe. Nilimwamini kabisa. Debe lilikuwa zito kuliko kawaida, likinidondoshea matone ya maji shingoni njia nzima, na sikujiuliza kwa nini.

Kwenye mashine kulikuwa na foleni. Walikuwapo wanawake wa Kimaasai walioteremka kutoka juu na punda wao, kwa ajili ya unga wa msimu wa ukame, na mmoja wao alitukaribisha kwa ishara tukae naye kivulini. Zamu yetu ilipofika Mama alimpa debe kijana wa mashine, naye kwa haraka zake, bila kutazama, akamimina yote kwenye mdomo wa juu. Injini iliguna. Ilipiga mara tatu nne kwa shida, mkanda ukaanza kuteleza na kunuka mpira unaoungua, na kule chini, badala ya unga, kikatoka kitu kama udongo wa kufinyangia. Kisha hakikutoka kitu. Kijana akakimbilia kuzima. Kimya kilichofuata sijakisahau, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuusikia mji wa Karatu bila ile mashine.

Tulikuwa tumeleta mahindi yaliyolowa maji. Mama aliyaloweka tangu jana, akayachuja vizuri, kama alivyofundishwa na Bibi na Bibi alivyofundishwa na mama yake, kwa sababu kwetu hakuna mtu aliyewahi kusaga punje kavu. Punje kavu juu ya jiwe ni adhabu, inaruka na kukupiga usoni. Kulainisha mahindi ilikuwa sehemu ya kusaga, kama vile kuvua viatu ni sehemu ya kulala. Tusingeweza kujua. Mzee Shabani alitoka dukani, akaingiza kidole kwenye ule uji, akatutazama, akashika kiuno. "Mama, haya mahindi umeyaogesha?" Foleni nzima ikacheka, na yule Mmaasai, ambaye kwao hawana jiwe la kusagia na unga kwao ni kitu kinachotoka kwa mashine tu, alicheka hadi akaketi. Mzee hakututukana, hilo namshukuru hadi leo. Alisema tu itabidi mashine ifunguliwe yote isafishwe, na kwamba leo hakuna atakayesaga tena. Wale waliokuwa nyuma yetu waliacha kucheka hapo hapo. Mama alikusanya ule unga uliolowana kwenye debe kwa mikono yake, uso umemshuka. Tulipanda mlima, nami nilijua kwamba Jumatatu imekwisha kuja.

Bibi alirudi jioni akalikuta debe. Tulitegemea ngurumo. Haikuja, na ilikuwa afadhali ingekuja, maana Bibi aliridhika. Aliketi, akanyoosha miguu, akaukoroga ule unga uliolowana kuwa uji, akatupa tunywe, akasema kwa utulivu mkubwa kwamba mashine imeyakataa mahindi yetu, imeyaona ni ya watu wanaojua kusaga. Alisema mara mbili. Mara ya pili nilishindwa kujizuia. Mimi ni mtu wa hasira, nimezaliwa nayo, na wanafunzi wangu wa baadaye wanaweza kutoa ushahidi. Nikaweka kikombe chini nikamwambia: "Bibi, Jumatatu nafukuzwa shule kwa sababu ya jiwe lako." Mama alinivuta mkono kwa nguvu. Kwetu mtoto hamwambii bibi yake neno la namna hiyo, kwa sauti ya namna hiyo. Nilisubiri kofi.

Bibi akauliza: nani anamfukuza? Tangu lini? Mama ikabidi aeleze yote, kengele, dawati, mtoto anayesubiri. Bibi alisikiliza akiwa anautazama moto. Nilichokiona usoni mwake hakikuwa hasira. Ilikuwa aibu, aibu ya mtu aliyegundua kwamba ndani ya nyumba yake kuna jambo linajulikana na wote isipokuwa yeye. "Mlikuwa mnaniogopa," alisema, na hakuwa anauliza. Baadaye aliuliza kitu ambacho sikukitegemea: ile mashine ndani ina nini? Hakuna aliyejua. Mimi nilisoma darasa la tatu, na Mama alikuwa amesimama mbele yake mchana mzima, na hatukujua.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulipotoka kanisani Bibi hakushika njia ya nyumbani. Alinishika mkono tukaelekea mjini, yeye na fimbo yake, akipumzika kila alipopenda. Kiswahili chake kilikuwa maneno kumi na matano hivi, yote ya sokoni, kwa hiyo aliniambia nitakuwa mdomo wake, na nisipunguze wala kuongeza. Tulimkuta Mzee Shabani nyuma ya duka, amekaa kwenye gunia, kofia ameiweka pembeni, jasho linamtoka. Mashine ilikuwa wazi, matumbo nje. Na mbele yake, juu ya ubao, kulikuwa na mawe mawili ya mviringo, mapana kama ungo, naye alikuwa anayagonga kwa nyundo na tindo.

Bibi alisimama. Aliangalia yale mawe, akaangalia nyundo, akaangalia mawe tena. Kisha alishuka taratibu, akiegemea fimbo, akapiga yale magoti yake kwenye vumbi lenye dizeli na kupitisha kiganja juu ya jiwe, kutoka katikati hadi ukingoni. Nikamwona anacheka. Bibi yangu hakuwa mtu wa kucheka bila sababu. "Ni jiwe," alinigeukia. "Wanasema chuma, kumbe ni jiwe." Halafu uso ukambadilika, ukawa ule wa siku anapokwenda kwa jirani, akasema kwa Kiiraqw, nami nikatafsiri, kwamba huyu baba analiua jiwe. Anapiga kwa hasira. Linamenyeka vipande vikubwa, na ndiyo maana unga wa mashine una mchanga.

Mzee Shabani aliinua kichwa. Angeweza kutufukuza; sisi ndio tuliomharibia siku, na sasa tumerudi kumfundisha kazi. Lakini alikuwa amechoka, na nadhani alikuwa pia muungwana. Alisema: "Mwambie bibi, aliyenifundisha ni mtu wa Arusha na alinifundisha kwa nusu saa. Kama anajua, achonge." Akampa nyundo. Bibi aliikataa. Alifungua pindo la shuka yake akatoa kijiwe chake. Alikuwa amekuja nacho, sijui kwa nini, labda kwa mazoea tu. Akaanza kugonga, tik, tik, tik, kwa ulaini, akifuata mzunguko, na Mzee akamwonyesha ile mifereji inayopeleka unga nje, ambayo Bibi hakuwahi kuiona, naye akaitazama kwa muda, akaikubali, akaizunguka bila kuigusa. Walifanya kazi hivyo hadi jua likapinda, Mrangi na Mwiraqw, Mwislamu na Mkristo, wakiongea kupitia mdomo wa mtoto wa miaka kumi. Hawakuishiwa maneno. Nilichoka mimi kabla yao.

Mashine ilipofungwa na kuwashwa, Mzee alimimina debe la mahindi yake mwenyewe, makavu. Unga ulitoka kama moshi. Bibi alichota, akausugua kati ya vidole viwili. Nilijua ishara ile na nilijua kwamba yeye mwenyewe ndiye anayehukumiwa. Alisugua, akaonja, akasugua tena. Akasema ni mzuri. Akasema ni mzuri kuliko wake. Aliuliza tena kama mahindi yalikuwa makavu kabisa, nikatafsiri jibu: makavu kabisa, yasiguswe na maji. Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Maji tulikuwa tunatia kwa ajili ya mikono yetu," alisema. "Hii haina mikono." Tulipanda mlima na unga ambao Mzee Shabani alitufungashia, na jioni ile ugali ulitoka na mabonge kwa sababu Mama aliukoroga kama unga wa jiwe. Bibi aliyatafuna yale mabonge yote.

Jumatatu niliamshwa kwa kuguswa bega. Nilirukia kwenye jiwe kwa mazoea, Bibi akaniambia niende nikanawe uso. Nilifika shuleni kukiwa hakuna mtu, nikakaa mlangoni kwenye ukungu, nimekumbatia daftari, nikilia tena, safari hii kwa furaha. Mwalimu alipofika alinipa ufunguo nifungue. Dawati lile nililikalia hadi darasa la nne, na kutoka pale nikaendelea hadi nikawa mwalimu mwenyewe. Bibi yeye akawa mchongaji wa Mzee Shabani. Mawe yakianza kuteleza alitumiwa ujumbe, akashuka na shuka yake safi, na sisi tukasagiwa bure. Aliwazungukia wanawake wa jirani, walewale waliokuwa wakipita korongoni, akiwaambia wakaushe mahindi yao vizuri na waache ujinga. Waliomkumbusha maneno yake ya zamani juu ya mashine aliwajibu kwamba wakati ule alikuwa hajaiona. Niliwahi kumuuliza kama hayaonei huruma magoti yake, kwa miaka yote ile. Alisema jiwe ndilo lililokuwapo, kwa hiyo alisaga, na sasa kuna kingine.

Nilimpenda Bibi siku zote, lakini heshima yangu kwake ilianzia Jumapili ile na imekua kadiri ninavyozeeka, kwa sababu sasa najua bei yake. Kusifiwa kwa jambo moja tangu ujana, kisha kupiga magoti mbele ya watu na kusema kuna lililo bora kuliko langu, si kazi ndogo. Karatu ya leo ina mashine za umeme kila mtaa, mtoto anatumwa na ndoo kwa bodaboda na kurudi kabla maji hayajachemka, na magari ya watalii yanapita pale lilipokuwa duka la Mzee Shabani. Mimi ninaishi hapahapa. Mwanangu aliniletea jiko la gesi mwaka juzi. Lipo pembeni ya jikoni, ndani ya katoni yake, juu yake nimeweka sufuria. Nimemwambia yeye, na mkewe, na daktari anayeniuliza juu ya kikohozi changu, kwamba chakula cha gesi hakina ladha. Nimesoma, nina vyeti ukutani, nimefundisha watoto miaka thelathini na zaidi kwamba wasiogope kipya. Bibi hakujua kusoma hata jina lake, akaambiwa mara moja, na mtoto, tena kwa ukali, na kesho yake akachukua fimbo. Mimi nimeambiwa kwa upole na watu wazima watatu.

Wiki iliyopita mjukuu wangu Neema, ambaye huniwashia kuni kabla ya kwenda shule, alisimama mlangoni akiwa ameshavaa sare, macho mekundu kwa moshi, akanitazama kama anataka kusema jambo. Hakulisema. Alichukua mkoba wake akaenda. Nimekaa na ule unyamavu wake siku kadhaa, nimeugeuza kila upande, nami najua maana yake. Mjukuu wangu ananiogopa.